Adhabu za Google na Biashara za Wanachama Wetu

Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, Mollo



Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze juu ya manufaa ya mtandao kwa mfanyabiashara. Nimeomba ruhusa nisiyaguse sana manufaa, kwa kuwa kila mwenye simu mfukoni anayajua, badala yake nizungumzie adhabu. Ninayo sababu. Ajenda ya 6 ya mkutano huu inapendekeza kwamba chama chetu kimpe kazi fundi wa tovuti, kwamba kila mwanachama mwenye biashara aweke katika tovuti yake viungo vya kwenda kwenye tovuti za wenzake wote, na kwamba fundi huyo anunue viungo vingine mia tano kutoka nje ili, kama makabrasha yanavyosema, "sote tupande ukurasa wa kwanza wa Google". Fedha zitatoka katika mfuko wa kukarabati bweni. Waliolileta pendekezo hili ni watu ninaowaheshimu na nia yao ni njema kabisa. Lakini ndani yake mna jambo la hatari, nami ningependa tulielewe kabla ya kunyoosha mikono.

Mimi si mfanyabiashara. Ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu inanikutanisha kila wiki na watu wenye leseni za biashara, wakubwa na wadogo. Miaka ya nyuma walikuja na malalamiko ya barabara na mizani. Siku hizi wengine wanakuja na lalamiko jipya: "Mzee, tovuti yangu imepotea."

Kwanza tuutazame mtambo wenyewe. Google haina macho wala haina ulimi wa kuonja bidhaa ya mtu. Inazo programu zinazopita mtandaoni usiku na mchana, zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine na kunakili zinachokikuta. Nakala hizo hupangwa katika faharasa, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu cha Jiografia, ila kubwa mno. Mtu wa Ujerumani anapoandika kwamba anataka kupanda Mlima Kilimanjaro, mtambo hauanzi saa ile kuzunguka dunia. Unafungua faharasa yake. Kazi ngumu ni kuamua nani atajwe wa kwanza na nani wa mia tatu, maana msomaji mwenyewe, tuseme kweli, hafiki ukurasa wa tatu.

Mwaka 1998 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walichapisha jibu lao. Kila kiungo kihesabiwe kuwa kura. Ukurasa unaoelekezewa na wengi upande juu, na kura ya ukurasa wenye heshima iwe na uzito kuliko kura ya ukurasa usiojulikana. Ni wazo zuri, ndilo lililowatajirisha. Lakini ninyi mnaijua nchi hii. Palipo na kura hapakosi mwenye kuzinunua. Sisi tulikuwa na takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipoitupilia mbali mwaka 2006. Mtandaoni nako ilizuka takrima, tena kubwa kuliko yetu.

Walizuka mafundi waliosema, "Nipe fedha, nitakupandisha." Wengine walikuwa waaminifu, na kazi ya halali ipo: kuupa ukurasa kichwa kinachoeleweka, kuufanya ufunguke upesi, kuandika bei na mahali ulipo. Wengine walikoleza. Waliandika jina la bidhaa mara arobaini katika aya tatu. Waliandika maneno meupe juu ya karatasi nyeupe, binadamu asiyaone lakini mashine iyasome. Walitengeneza kurasa za mlangoni, yaani kurasa zisizo na kitu ndani, ambazo kazi yake ni kumnasa mteja na kumsukumia kwingine. Walinunua viungo kwa mamia kutoka tovuti zisizohusiana kabisa na biashara, zote zikitumia maneno yaleyale. Mkulima wa Mollo anajua kwamba mbolea ya kukuzia inasaidia mahindi, na anajua vilevile kinachompata anayeirundika yote shinani akidhani atavuna mara mbili.

Mji wetu, wazee wanatuambia, jina lake maana yake ni tupa uchawi. Basi hawa mafundi wa aina hiyo walikuwa na kilinge chao, na kwa miaka kadhaa dawa zao zilifanya kazi. Hilo lazima tulikubali, vinginevyo hatutaelewa kwa nini watu wenye akili timamu walilipa.

Adhabu hazikuanza jana. Mwezi Februari 2006 Google iliiondoa kabisa tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari ya BMW, kwa kosa la kurasa za mlangoni. Februari 2011 gazeti la New York Times lilieleza jinsi maduka ya J. C. Penney yalivyokuwa yakiongoza katika bidhaa nyingi mno kwa nguvu ya viungo vya kulipia. Jioni moja duka hilo lilikuwa la kwanza kwa mtu anayetafuta sanduku fulani la safari. Saa mbili baadaye lilikuwa la 71. Mwezi huohuo, tarehe 24, ukaja mpango ulioitwa Panda, uliozipiga tovuti zenye makala nyepesi na za kunakili. Google ilisema uligusa karibu asilimia 12 ya maulizo yote ya Marekani. Tarehe 24 Aprili 2012 ukafuata Penguin. Huu ndio hasa uliolenga viungo vya kununua na maneno yaliyokolezwa, na wiki chache kabla yake mkuu wa kupambana na udanganyifu katika Google, Matt Cutts, alikuwa ametangaza hadharani kwamba wanaokoleza kupita kiasi watashughulikiwa. Uligusa karibu asilimia 3 ya maulizo ya Kiingereza. Asilimia 3 inasikika ndogo mpaka uwe wewe umo ndani yake.

Mwenzetu mmoja alikuwa ndani yake. Hayupo leo, ila ameniruhusu kusema habari zake bila kumtaja. Alisoma hapa mwaka mmoja nyuma yangu, na alikwenda kaskazini kufanya kazi ya kutembeza watalii. Alianza na gari moja la mkopo. Mwaka 2010 akaweka tovuti, na mwaka uliofuata akapata mkandarasi wa nchi za nje, waliyewasiliana kwa barua pepe tu, aliyemwahidi ukurasa wa kwanza kwa malipo ya kila mwezi. Ahadi ilitimia. Maulizo ya wageni yalianza kuingia kila asubuhi, akaongeza gari la pili, akaajiri mpishi na madereva wawili wa kudumu, na wapagazi wakawa wanamjua kwa jina.

Wiki ya mwisho ya Aprili 2012 maulizo yalikauka. Yeye alidhani ni mvua za masika, ambazo kweli huwa zinapunguza wageni. Juni ikafika, wenzake wanapakia wageni, kwake kimya. Akamwandikia mkandarasi, hakujibiwa. Ilipofika Agosti ndipo kijana mmoja wa chuo alipomfungulia na kumwonyesha: mamia ya viungo vya kuelekea kwake kutoka kurasa za michezo ya kamari, za dawa za meno, za mikopo ya nyumba huko Marekani, vyote vikisema kwa Kiingereza maneno yaleyale matatu kuhusu kupanda Kilimanjaro kwa bei nafuu. Hakuwa ameviona hata kimoja. Alikuwa amelipia kitu asichokijua, kama mtu aliyenunua gunia bila kulifungua.

Hapa naomba tuelewe aina mbili za adhabu, kwa sababu tofauti yake ndiyo iliyomtesa. Ipo adhabu inayotolewa kwa mkono: mfanyakazi wa Google anaikagua tovuti, anaiadhibu, na mwenye tovuti hupata taarifa. Akishasafisha, anaandika ombi la kufikiriwa upya na mtu analisoma. Aina ya pili haina barua. Kanuni za mashine zinabadilika, wewe unashuka, basi. Hakuna wa kumwandikia, kwa sababu hakuna aliyekuhukumu. Mwenzetu alipigwa na hii ya pili. Oktoba 2012 Google ilitoa chombo cha kuvikana viungo vibaya, naye akavikana vyote. Lakini mashine ya Penguin ilikuwa haihesabu upya kila siku. Ilihesabu pale walipoamua kuiendesha. Kati ya Oktoba 2013 na Oktoba 2014 haikuendeshwa hata mara moja, na baada ya hapo kulikuwa na kimya kirefu tena mpaka Septemba 2016, ilipoingizwa katika mtambo mkuu na kuanza kuhesabu mfululizo. Mtu alikuwa amekwisha kutubu na kufanya malipizi, akangojea miaka asikilizwe. Katika kungoja huko lile gari la pili liliuzwa na dereva mmoja akarudi kwao.

Sasa linganisheni. BMW ilirudishwa baada ya siku chache. Kampuni ya maua ya Interflora ya Uingereza iliadhibiwa Februari 2013, wakati wa msimu wake mkubwa ukikaribia, ikarudi baada ya siku kumi na moja. Tovuti ya Rap Genius ya Marekani iliadhibiwa siku ya Krismasi 2013, tarehe 4 Januari 2014 ikawa imerudi, siku kumi. J. C. Penney, ambayo kosa lake liliandikwa gazetini mbele ya dunia nzima, ilikaa nje miezi mitatu hivi. Nakiri kwamba hao waliadhibiwa kwa mkono, na adhabu ya mkono ina mlango wa kutokea. Lakini pia wana wanasheria, wana wahandisi wa kuajiriwa, na wateja wanawajua kwa majina hata bila Google. Mwenye magari mawili hana hata kimoja katika hivyo. Kosa lilikuwa lilelile.

Majirani zetu wa Kenya yaliwafika kwa njia nyingine. Nyaya za baharini zilipofika pwani yetu mwaka 2009, intaneti ilishuka bei Nairobi, na vijana wengi, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu, wakajifunza kuandika makala za Kiingereza kwa ajili ya wateja wa ng'ambo. Mteja alitaka maneno mia tano juu ya ugonjwa wa mgongo wa mbwa, na ndani yake neno fulani litokee mara nane. Kesho yake alitaka makala ileile kwa maneno tofauti. Malipo yalikuwa madogo kwa kila makala, lakini ada na kodi ya chumba vililipwa. Makala za namna hiyo ziliishia katika mabohari kama EzineArticles, ambayo Panda iliiangusha mwaka 2011. Mwenye bohari alipoanguka, aliyekuwa akimpelekea magunia naye alibaki na magunia yake. Kijana yule hakununua kiungo wala hakumdanganya mteja yeyote. Waliokuwa hodari walihamia kwenye uandishi wa kweli, na Serikali ya Kenya mwaka 2016 ilianzisha mpango wa Ajira Digital wa kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni.

Mwanachama mmoja aliniambia jana jioni, tukinywa chai, kwamba hayo ni ya zamani, kwamba siku hizi mashine ya akili bandia inaandika yenyewe na fundi hana haja ya viungo. Kwa heshima yake nasema hapana. Machi 2024 Google ilitangaza masharti mapya dhidi ya mambo matatu: kutengeneza kurasa kwa wingi mno bila faida kwa msomaji, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine, kununua majina ya tovuti zilizokufa ili kurithi heshima yake, na tovuti yenye sifa nzuri kuwapangishia wengine kurasa za kutafutia fedha. Kabla ya hapo, Septemba 2023, mabadiliko mengine yalizishusha tovuti nyingi ndogo za watu binafsi, nyingine zikiwa za watu walioandika kwa jasho lao. Na liko linalotuhusu sisi wa Kiswahili. Mtu anachukua kurasa elfu moja za Kiingereza, anazipitisha katika mashine ya kutafsiri, anazimwaga zilivyo. Zile kurasa zenye Kiswahili cha ajabu, mnazokutana nazo mkitafuta dawa ya kuku, zinatoka huko. Tafsiri ya mashine isiyokaguliwa na mtu ilikuwa miongoni mwa mambo ambayo Google iliyapiga marufuku kwa miaka mingi, na hapa namuunga mkono mwenye mtambo kwa mikono miwili.

Simuungi mkono katika kila jambo. Baba zetu waliopeleka mahindi kwenye ghala la ushirika walijua kwamba mwenye mizani naye hutazamwa. Januari 2012 kampuni ya Mocality ya Kenya, iliyokuwa imekusanya orodha ya biashara za nchini humo kwa kazi ya mikono, ilitega mtego na kugundua kwamba watu waliokuwa wakifanya kazi ya Google walikuwa wakichota orodha hiyo na kuwapigia simu wafanyabiashara wake. Google iliomba radhi. Mwezi huohuo ilibainika kwamba matangazo ya programu yake yenyewe, Chrome, yalikuwa na makala za kulipia zenye kiungo, na Google ikajishusha cheo kwa muda wa siku sitini; hilo nawasifu. Agosti 2024 jaji mmoja wa Marekani, Amit Mehta, alitoa hukumu kwamba Google ilivunja sheria katika kulinda ukiritimba wake wa utafutaji. Maana yake ni kwamba mtu wa Mollo anaweza kufungiwa duka na kanuni ambayo Bunge lake halikuitunga na mahakama yake haiwezi kuitengua. Kwa hiyo hata mwenye kufuata masharti yote si busara aiweke biashara yake yote katika njia hiyo moja.

Sasa nirudi kwenye ajenda ya 6, maana ndiyo iliyonisimamisha hapa.

Kupeana viungo kwa wingi, "wewe niweke nami nikuweke", ni jambo lililotajwa waziwazi katika masharti ya Google kuwa ni udanganyifu. Sisi tunaliona ni udugu. Mashine italiona kwa namna yake: itakuta duka la vipuri vya pikipiki Sumbawanga, zahanati ya meno Mbeya, mashine ya kukoboa mpunga bondeni, na nyumba ya wageni Kasanga, zote zikielekezana kwa maneno yaleyale, siku ileile, kwa mkono wa fundi mmoja. Viungo mia tano vya kununua ni vibaya zaidi, na huko mwenzetu alikokwenda tumekwisha kukuona. Siku hizi mara nyingi mtambo unavipuuza tu viungo vya namna hiyo, kwa hiyo bahati yetu njema kabisa itakuwa kwamba fedha za bweni zimeliwa bure. Bahati mbaya ni kwamba yule mwenye nyumba ya wageni, anayeishi kwa watalii wanaoteremka kwenda Maporomoko ya Kalambo, atapotea machoni mwa wageni wake kwa ajili ya kitu alichokubali mkutanoni akidhani anawasaidia wenzake.

Tovuti ya chama naiunga mkono. Iwe na ukurasa mmoja wa wanachama na kazi zao, kila mmoja kwa jina lake, mwaka aliomaliza, na biashara yake ilipo. Kiungo kimoja cha kwenda kwake kinatosha, kwa sababu kipo ili mtu amfikie. Hiyo si takrima. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la chama, si la fundi, na maneno ya siri yakae kwa Katibu na Mweka Hazina. Mkataba useme fundi ataonyesha kila anachokifanya nje ya tovuti yetu, na kwamba hatanunua kiungo chochote. Akikataa sharti hilo, atakuwa ametusaidia kumjua mapema.

Na mwanachama mwenye tovuti ambayo maulizo yake yamekauka, anione baada ya chakula. Nimekuja na kompyuta. Tutafungua pamoja tuangalie kama ana taarifa ya adhabu ya mkono, na viungo vyake vinatoka wapi. Ni kazi ya nusu saa kwa kila mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, napendekeza kwamba ajenda ya 6 ipitishwe bila kifungu cha kubadilishana viungo na bila kifungu cha kununua viungo, na kwamba kiasi kilichotengwa kwa ajili ya vifungu hivyo viwili kirudishwe katika mfuko wa bweni, ambalo paa lake wote tumeliona asubuhi.

Naomba kutoa hoja.